Michongo ya chuo Moshi na Arusha: jipange kabla tangazo halijabandikwa

Wadau wa vyuo vya huku kaskazini, nyie wa Ushirika, wa KCMC, wa Mwenge, wa Mweka, na nyie machalii wa Uhasibu Njiro, ATC, Makumira na Nelson Mandela pale Tengeru, kila wiki kuna mtu anauliza kwenye grupu "jamani ile nafasi bado ipo?" af anajibiwa ilifungwa juzi. Ukiangalia vizuri nafasi yenyewe wala sio ngeni, mwaka jana ilitoka miezi hiyohiyo, mwaka juzi hivyohivyo, na mwakani itatoka tena. Kwa hiyo hapa sikupi orodha ya matangazo ya wiki hii maana yatakuwa yamepitwa kabla hujamaliza kusoma, nakupa namna ya kukaa tayari ili tangazo likitoka kazi yako iwe kujaza na kutuma tu.

Nimeandika zaidi kwa jicho la mtu wa Moshi maana ndo ninakoishi, ila Arusha ni kilomita 80 hivi na michongo mingi mikubwa iko kule, kwahiyo wote tumo.

HATUA YA 1: Chora mwaka mzima kwanza

Chukua daftari au kalenda ya simu, weka miezi 12, af jaza vitu vinavyojirudia. Usianze na tarehe kamili, anza na mwezi, tarehe utarekebisha tangazo likitoka. Halafu pembeni weka almanaki ya chuo chako, hasa wiki za UE (mitihani ya mwisho wa semesta), utaona mapema wapi vitu vinagongana.

Anza na Februari. Jumapili ya mwisho ya Februari kwa miaka hii ya karibuni ndo Kilimanjaro Marathon, zipo mbio za kilomita 42, za 21 na zile za kujifurahisha za kilomita 5, na uwanja wa kuanzia na kumalizia ni palepale Chuo Kikuu cha Ushirika. Watu wa Ushirika mnaamka tukio liko mlangoni! Mbio hizi zimeanza 2003 na zinaleta wageni wa nje wengi tu, mji unajaa, gesti zinajaa, barabara zinafungwa asubuhi. Mwanafunzi anaona fulana na muziki, ila ukikaa vizuri hapo kuna mambo matatu: kukimbia mwenyewe (usajili unafanyika mtandaoni mapema na nafasi huwa zinaisha, usisubiri wiki ya mwisho), kujitolea kwenye meza za maji na upangaji, na biashara ndogondogo za wikiendi ile. Sema angalia na UE ya semesta ya kwanza isije ikawa Jumatatu una pepa na Jumapili magoti yamekufa.

Machi mpaka Mei ni kipindi cha watu wa ubunifu. Kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yalianza 2019, na kuna kundi la vyuo vikuu humo ndani. Kama una kamradi kako, mashine ya kukaushia ndizi, programu ya simu, dawa ya mmea, usisubiri kaive. Andika kurasa mbili: tatizo ni lipi, umefanya nini mpaka sasa, unahitaji nini. Hizo kurasa mbili utazitumia kila mahali.

Juni mwanzoni ni KiliFair kule Kisongo Arusha, maonyesho ya utalii. Kama unasoma utalii, wanyamapori, masoko, hoteli, au hata uhasibu, hii usiikose hata kwa dawa. Kampuni za safari, hoteli, wauza magari na mahema, wote wako sehemu moja kwa siku tatu, na wenye kampuni wenyewe ndo wanakaa kwenye mabanda. Nitarudi hapo chini kwenye namna ya kuingia na kutoka na kitu.

Julai inabeba mengi. Jumamosi ya kwanza ni Siku ya Ushirika Duniani, Saba Saba (maonyesho ya biashara) iko Dar, na mara nyingi TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanafanya maonyesho ya elimu ya juu Dar mwezi huo, ndipo vyuo vinapotafuta wanafunzi wachangamfu wa kusimama bandani kuelezea kozi. Ukitaka kwenda kuwakilisha chuo, jina lako lifike ofisi ya uhusiano mwezi wa tano, mwezi wa saba wameshapanga gari.

Agosti ni Nane Nane, maonyesho ya wakulima, kwa kanda yetu ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara inafanyika viwanja vya Themi, Njiro, kilele tarehe 8. Makampuni ya mbegu, mabenki, halmashauri, taasisi za utafiti, wote wanahitaji vijana wa kusimama bandani siku nane mfululizo wakiongea mpaka sauti ikauke. Malipo sio makubwa kiivyo lakini unatoka na namba za watu. Agosti hiyohiyo huwa linafunguliwa dirisha la Chevening, skolashipu ya masta ya Uingereza ya mwaka mmoja, na huwa linafungwa Oktoba mwanzoni. Wanataka masaa 2,800 ya uzoefu wa kazi, ambayo ni kama miaka miwili ya kazi ya kutwa, kwahiyo mwaka wa tatu wengi hamjafika ila ndo muda wa kuanza kuhesabu. Zile za Ulaya za Erasmus Mundus, kozi nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari, na kila kozi ina tarehe yake, usidhani ni moja kwa wote.

Oktoba na Novemba mwaka wa masomo unaanza, klabu zinasajili wanachama, na mwisho wa mwaka unakuja msimu wa mahafali. Mahafali watu wanadharau lakini ukiwa na kamera nzuri, au unajua kufunga maua, au una mtaji wa kununua fremu, siku ile moja inalipa kuliko mwezi mzima wa kuuza vocha hosteli.

Af andika kwa wino mwekundu: AFCON 2027. Tanzania, Kenya na Uganda tunaandaa pamoja na Arusha ulianza kujengwa uwanja Olmoti wa watu 30,000. Mashindano makubwa ya hivi hutumia vijana wa kujitolea, wa kuongoza wageni, wa kutafsiri, wa habari. Timu za Afrika Magharibi zinaongea Kifaransa. Arusha kuna Alliance Française, wanafundisha. Ukianza leo na masaa mawili kwa wiki, ukifika msimu ule utakuwa angalau unamwelekeza mgeni choo kiko wapi bila kutumia mikono, na hapo tayari umewapita wenzako wengi.

HATUA YA 2: Tengeneza faili la vyeti, na nasema LEO

Hapa ndo watu wengi wanaangukia, sio kwamba hawana sifa. Tangazo linatoka Jumatatu linafungwa Ijumaa, mtu cheti chake cha form four kiko kwa mama Rombo, cha kuzaliwa hakina namba inayosomeka, kitambulisho cha taifa hajafuatilia. Ijumaa inafika hivihivi.

Kaa na haya yote yakiwa yameskaniwa kila kimoja PDF yake, sio picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako:

cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four, cha form six au diploma, namba ya NIDA, matokeo ya chuo ya mpaka semesta iliyopita yenye mhuri, kitambulisho cha chuo, picha pasipoti ya mandhari meupe au bluu, na CV.

Zipe majina yanayoeleweka, jina lako na kitu chenyewe, sio "scan0047". Ziweke kwenye imeili yako mwenyewe, jitumie, ili hata simu ikiibiwa stendi bado unazo. Na faili zisiwe kubwa, mifumo mingi inakataa faili zito, pale steshenari waambie wapunguze ukubwa, kazi ya dakika mbili.

Nakala ngumu pia uwe nazo kama seti tatu zilizothibitishwa na wakili. Mawakili mjini Moshi wako wengi, ulizia bei kwanza kabla hajagonga mhuri maana kila mmoja ana yake na ukiwa na vyeti sita inapanda.

Sasa majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Joseph, cha form four Josephat, na NIDA wameandika Josephu, anza kushughulika mapema, ukiwa bado mwaka wa kwanza. Kuna wanaohitaji kiapo tu na kuna wanaohitaji kubadilisha jina kwa hati rasmi iliyosajiliwa, wakili atakwambia we uko wapi. Inachukua muda, na hamna mwajiri wala mfadhili atakayekusubiri.

Wa mwaka wa mwisho, fungua akaunti ya Ajira Portal (mfumo wa kuomba kazi za serikali) kabla hujamaliza, jaza taarifa polepole. Af soma matangazo yao vizuri, kila tangazo lina ule mstari kwamba matokeo ya muda na zile hati za matokeo ya form four na six havikubaliwi, wanataka vyeti vyenyewe. Watu wanaambatisha hivyohivyo halafu wanalalamika hawakuitwa.

Pasipoti. Najua unasema naenda wapi. Lakini nafasi za wanafunzi kwenda Nairobi, Kampala, Kigali zinatokea kwa kushtukiza, na zile za mbali ndo kabisa. Ya kawaida jumla ni 150,000, unaanzia kujaza fomu mtandaoni kisha unaenda Uhamiaji na viambatanisho, ikiwemo cha kuzaliwa chako na cha mzazi au kiapo. Ni hela, sikatai. Ila boom (hela ya kujikimu) la Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku na likiingia linaingia la siku nyingi kwa mpigo, ukikata kidogokidogo kwa semesta mbili unaimaliza bila kukopa mtu.

HATUA YA 3: Jua habari inaanzia wapi

Grupu la WhatsApp ni mwisho wa mto. Habari ikifika pale imeshapita kwa watu sita. Panda juu kidogo.

Chanzo cha kwanza ni ubao wa matangazo. Najua hamna anayesoma, ndo maana unalipa. Pita mara moja kwa wiki ubao wa dean wa wanafunzi, ubao wa kitivo chako na ule wa maktaba. Kuna barua zinabandikwa pale kutoka taasisi mbalimbali ambazo hazijawahi kupigwa picha na mtu.

Chanzo cha pili ni tovuti zenyewe, za chuo, za taasisi unayoitaka. Kwa sisi wa kaskazini weka alama hizi: Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao makao makuu yapo Arusha na wana mdahalo wa wanafunzi wa vyuo vikuu wa nchi wanachama, washindi wanakuwa mabalozi vijana wa Jumuiya, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iko Arusha toka 2007 na inapokea wanafunzi wa mafunzo, TANAPA, na TaESA ambao wanaratibu mafunzo kazini kwa wahitimu. Kila moja tembelea mara moja kwa mwezi, weka ukumbusho kwenye simu, inatosha.

Cha tatu ni watu. Katibu muhtasi wa idara yako anajua mambo kuliko mkuu wa idara, barua zote zinapita mezani kwake. Msalimie. Shikamoo mama, za kazi, sio unaingia na "naomba barua" tu. Ukimwambia "mama mimi niko mwaka wa pili masoko, ikitokea nafasi yoyote ya maonyesho naomba unikumbuke," atakukumbuka, hasa kama ulikuja kumsalimia na siku ambayo huna shida. CR (kiongozi wa darasa) na watu wa serikali ya wanafunzi nao, maana barua nyingi za semina zinasema "tunaomba wanafunzi watano," na hao watano huwa wanapatikana ndani ya nusu saa kutoka kwa walio karibu. Sio haki sana lakini ndo ilivyo, kwahiyo kaa karibu.

HATUA YA 4: Field, anza kuomba ikiwa mbali

Hii naipa nafasi kubwa kwasababu field (mafunzo ya vitendo kazini) ndo mchongo pekee ambao kila mwanafunzi anaupata kwa lazima, af wengi wanautupa. Wanaenda mahali wanatumwa chai na fotokopi wiki nane, wanajaza logbuku siku ya mwisho.

Kwanza chukua barua ya utambulisho chuoni mara tu inaporuhusiwa. Chukua zaidi ya moja, za taasisi tatu mpaka nne. Pili andika barua yako mwenyewe ya ukurasa mmoja: we ni nani, unasoma nini mwaka wa ngapi, unataka kitengo gani, kuanzia lini mpaka lini, na KITU KIMOJA unachoweza kufanya tayari. "Naweza kutumia Excel kutengeneza ripoti ya mwezi" ni bora mara kumi kuliko "mimi ni mchapakazi na ninajituma."

Tatu peleka kwa mkono. Taasisi za serikali barua inapokelewa masijala, wanagonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, usiondoke bila huo mhuri. Baada ya wiki mbili rudi na hiyo nakala, uliza imefikia kwa nani. Ukituma imeili tu ukakaa, utakaa kweli.

Nne, wapi? Watu wote mnakimbilia TRA na mabenki, nafasi zinajaa na hata ukipata unakaa pembeni maana mifumo yao huruhusiwi kuigusa. Moshi kuna MUWSA (mamlaka ya maji), Bodi ya Kahawa ambayo makao yake makuu yapo hapahapa, kuna kiwanda cha sukari TPC kule Arusha Chini, kuna Bonite (kiwanda cha soda), kuna TaCRI (utafiti wa kahawa) Lyamungo kwa watu wa kilimo, hospitali ya Mawenzi na Manispaa. Upande wa Arusha kuna AICC (kituo cha mikutano), AUWSA (mamlaka ya maji), TANAPA, na makampuni ya utalii ambayo ukihesabu huwezi kumaliza.

Ila ngoja niseme ukweli wangu: kwa mtu wa uhasibu, ushirika au masoko, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kijijini ndo dhahabu na hamna anayeitaka kwasababu hamna kiyoyozi. Nenda Kibosho, Machame, Uru, Marangu, chama cha msingi cha kahawa kina wafanyakazi wawili watatu, kwahiyo ukifika unafanya kazi yenyewe. Unapima kahawa ya wakulima, unaandika risiti, unaona malipo ya awali na ya pili yanavyokokotolewa, unaingiza taarifa kwenye MUVU, mfumo wa kusimamia vyama vya ushirika, unakaa kwenye kikao cha bodi na wazee wanaojua ushirika kabla baba yako hajazaliwa. Wachaga walianza kujipanga kuuza kahawa yao miaka ya 1920 na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikazaliwa 1933, kwahiyo ukitaka kuelewa ushirika kuna sehemu chache Afrika nzima nzuri kuliko hapo mlimani. Ripoti yako ya field itakuwa na nyama, na ukiulizwa kwenye usaili "elezea changamoto uliyokutana nayo" hutaanza kutunga. SACCOS nazo hivyohivyo.

Msimu tu uangalie, kahawa huku inavunwa kuanzia katikati ya mwaka kuendelea, field ya likizo ndefu inaangukia vizuri.

Hela ya field kwa walio na mkopo, angalia kwenye akaunti yako ya Bodi kama umepangiwa, usihesabu ya mwenzako. Na hata kama umepangiwa, kuwa na nauli na chakula cha wiki mbili za kwanza mfukoni.

HATUA YA 5: Siku ya tukio, ingia na kazi

Tuseme ni KiliFair au Nane Nane. Kutoka Moshi unapanda Kosta stendi, zinaondoka zikijaa, ukiwa na haraka chagua iliyobakiza siti mbili sio ile mpya inayong'aa imekaa tupu. Bomang'ombe, Kikatiti, Usa River, Tengeru, unaingia mjini. Themi iko upande wa Njiro unapata daladala, Kisongo iko upande wa pili kabisa wa jiji, barabara ya kwenda Dodoma, kwahiyo hesabu muda wa kuvuka mji. Ondoka Moshi saa 12 asubuhi kama unataka kufika kabla watu hawajachoka kuongea. Hata chakula cha maonyeshoni ni bei ya watalii, kula nyumbani au beba chako.

Usiku mmoja kabla tafuta orodha ya wanaoshiriki, chagua mabanda sita tu. Sita. Ukiingia unataka kuona yote utatoka na mifuko ya vipeperushi na kalamu nne. Kwa kila banda jiulize wanafanya nini na we ungewasaidia nini.

Nenda muda wa utulivu, saa tatu saa nne asubuhi, au jioni jua likipoa. Ukimkuta mhusika ana mteja, subiri, usikatize, yule mteja ndo aliyemleta pale. Ukipata nafasi mazungumzo yawe mafupi kama haya:

"Habari za kazi kaka. Naitwa fulani, nasoma utalii mwaka wa pili Moshi."
"Karibu sana."
"Asante. Nimeona mnapeleka watu Mlima Kilimanjaro njia ya Lemosho, naomba kuuliza, booking zenu mnapata zaidi kwa mawakala wa nje au mtandaoni moja kwa moja?"

Umeona, hujaomba kazi. Umeuliza kitu ambacho mwenye kampuni kinamkosesha usingizi, ataongea mwenyewe dakika tano. Mwishoni ndo unasema natafuta field mwaka huu, naweza kukutumia barua? Chukua kadi, nyuma yake andika mlichoongea. Jioni hiyohiyo, ukiwa kwenye Kosta ya kurudi, tuma imeili ya mistari minne. Wengine wote watatuma wiki ijayo au hawatatuma kabisa.

Mavazi, jamani, safi na ya kawaida. Sio lazima suti, ile suti ya harusi ya kaka inayokupwaya inakufanya uonekane unahubiri. Viatu vya kufunika maana Themi kuna vumbi.

Kwa matukio ya kimya, kama kusikiliza kesi za Mahakama ya Afrika au ya Afrika Mashariki, vikao vingi vya hadharani mwananchi anaruhusiwa kukaa. Watu wa sheria wa Makumira mnajua hili, ila hata wa fani nyingine nendeni. Beba kitambulisho, fika mapema ukaguliwe, simu zima. Mkienda kama darasa, chuo kiandike barua kabla.

HATUA YA 6: Chuja matapeli

Fursa feki zimekuwa nyingi kuliko za kweli. Vipimo vyangu ni vichache.

Wakikuomba hela ya "usajili," "fomu," "medical," "kuharakisha," kimbia. Ajira za serikali hazina ada ya kuomba. Namba ya kutuma hela ni ya jina la mtu binafsi? Kimbia mara mbili.

Imeili imetoka kwenye anuani ya bure kama za kwetu, halafu inajiita shirika kubwa la kimataifa? Ingia tovuti ya shirika lenyewe kwa kuandika jina mwenyewe, usipite kwenye linki waliyokutumia. Kama nafasi haipo kule, haipo.

Na kuna hii ya kuitwa "usaili" kwenye ghorofa mjini, mnafika arobaini mmevaa vizuri, anakuja kijana ana saa kubwa anaanza kuuliza nani hapa anataka kumiliki gari, mwisho mnaambiwa kila mtu anunue bidhaa za kuanzia af alete watu wawili. Hiyo sio ajira. Kabla ya kupanda daladala uliza maswali matatu kwa simu: nafasi inaitwaje, mshahara unalipwa na nani, na mkataba ni wa muda gani. Akijibu "njoo tu utaelezwa ukifika," we kaa hosteli usome.

Wadada kwa namna ya pekee: mtu anayetaka usaili ufanyike gesti au saa mbili usiku, hata kama ni bosi wa kweli, hamna nafasi yenye thamani hiyo. Mwambie rafiki unakoenda, na ikitokea kitu ripoti kwa dean au dawati la jinsia, vyuo na vituo vya polisi vinayo.

HATUA YA 7: Ukimaliza, chukua karatasi yako

Umejitolea marathoni, umesimama bandani, umeshiriki mdahalo, hakikisha unaondoka na kitu kilichoandikwa. Cheti kama wanatoa, kama hawatoi omba barua fupi yenye tarehe, kazi uliyofanya na masaa. Wafadhili wa nje wanapenda masaa, kwahiyo tunza daftari: tarehe, mahali, kazi, masaa, jina na cheo cha msimamizi. Ijaze siku hiyohiyo.

Barua ya msimamizi wa field iombe wiki moja kabla hujamaliza, sio siku ya kuaga wakati soda zimeshafunguliwa na yeye ana safari. Ukiweza, mwandikie rasimu ya vitu ulivyofanya ili apate pa kuanzia, mabosi wengi wanashukuru. Na mwalimu wako atakayekuja kuandika barua ya skolashipu, mpe angalau wiki tatu, mpe CV, mpe tangazo lenyewe na tarehe ya mwisho, af mkumbushe kwa adabu ikibaki wiki. "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu, nilikuwa nakumbushia ile barua, inatakiwa tarehe fulani." Ikishatumwa, mjulishe umepata au umekosa, maana mwakani utamrudia tena kwa nyingine.